Halbadiri ya Nyumba Kumi

Asubuhi ile Mwalimu Mwahija aliwafundisha kidato cha tano jinsi watawala wa Qin, walioiunganisha China chini ya mfalme mmoja, walivyozifunga kaya tano tano katika kosa moja. Mmoja akikosa na wenzake wakanyamaza, wote waliadhibiwa. Mtoto hakuruhusiwa kumficha hata baba yake. Kisha wakaja watawala wa ukoo wa Han, na baadaye mfalme wao mmoja akaamuru kwamba mtoto akimficha mzazi wake asiguswe, kwa kuwa mapenzi ya mzazi na mwana ni ya maumbile. Amri hiyo Mwahija aliisoma mara mbili, ingawa hakuna mwanafunzi aliyemwomba. Alikuwa akijitafutia ruhusa mwenyewe.

Wiki ile baruti ya kuvulia samaki ilikuwa imemuua Likwata, kijana mzamia pweza, akiwa chini ya maji. Kivinje nzima ilimlilia, na kila aliyeulizwa nani kaitupa alitikisa kichwa. Mwahija alijua. Siku ya msiba alimkuta baba yake, mzee Abdulwahab, anafukia tambi za kuwashia baruti nyuma ya banda la kuku.

"Sikumwona, mwanangu," alisema. "Wallahi sikumwona."

Mwahija akachukua jembe, akamsaidia kufukia.

Balozi wa nyumba kumi akawakusanya watu wake.

"Mmoja wenu anajua," alisema. "Asiposema, tunasoma Halbadiri. Impate aliyeua, impate na anayemficha!"

Halbadiri si mchezo. Wenyewe wanasema kisomo hicho kikishasomwa hakitulii mpaka kimempata mtu. Mwahija aliinamisha kichwa, akawaza kwamba kumbe Qin wamefika mpaka Kivinje. Kisomo kilipokwisha, baba yake aliitikia amina kwa sauti kuliko wote, mzee yule, bila haya.

Basi watu wakakaa kuangaliana nani ataanza kuugua. Mashehe husoma, maradhi ndiyo huhukumu. Nayo maradhi hayakupiga hodi kwa Abdulwahab, yalikwenda kwa jirani yake Bakary, seremala ambaye hata kuogelea hakujua. Akapooza upande mmoja, ulimi ukawa mzito. Kabla hajafikishwa hospitali, mtaa ulishatoa hukumu. Hajui kuogelea? Si aliwaundia wavuvi mashua? Watu wakitaka sababu hawaikosi.

Aliporudishwa nyumbani hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Mwahija peke yake alimpelekea uji, akamkuta anamkodolea macho, akaliweka bakuli chini na kutoka mbio. Neno moja lake lingemsafisha Bakary. Neno hilo hilo lingempeleka baba yake jela, kama vijana wasingemmaliza kwanza. Aliona aibu mpaka chakula kikamshinda, lakini kila siku alijiambia atasema kesho.

Bakary akafa. Jeneza likakosa wabebaji, wanaume wamesimama mbali mikono nyuma.

"Mwenye hatia amejulikana," Abdulwahab akasema, watu wote wakisikia. "Mwacheni azikwe na wanawe."

Eda haijaisha, Siti, mjane wa Bakary, akabisha hodi kwa Mwahija.

"Mwalimu, nisindikize. Wewe ukisema, watu wanakusikiliza."

"Wapi, dada Siti? Nawe umo edani?"

"Kwa mama yake Likwata. Nikamwombee Bakary msamaha. Nimekaa naye ujana wangu wote, sikujua kama nimeolewa na muuaji."

Mwahija akafungua kinywa. Chumbani baba yake akakohoa. Akajitanda kanga, akatoka.

Mama Likwata aliwapokea bila kuwakaribisha mkeka. Siti akapiga magoti, akamshika miguu, akalia kwa dhambi ambayo mumewe hakuitenda. Yule mama akageuzia uso ukutani. Siti alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akamtazama mwalimu, amsaidie.

"Msamehe, mama," Mwahija akasema. "Msamehe Bakary."