Bunduki Ilipokataa

Mume wangu Cyprian alitengeneza bunduki katika gereji ya rafiki yake Firoz kule Markham, na mimi kazi yangu ilikuwa kushika taa. Si taa ya kuonea, umeme ulikuwepo wa kutosha. Ni kibatari, kwa ajili ya moshi. Alipaka mtutu masizi, akaulaza kwenye mti wa kitako, akaukandamiza, akauinua. Pale mti uliposhika weusi alikwangua kidogo kwa patasi. Halafu masizi tena. Mtutu wenyewe ulikuwa mzito, wa pembe nane, na tundu lake pana hata kidole gumba changu kikaingia. Kazi ile haina haraka, na mimi pia sina haraka.

Baba yake alikuwa fundi wa magobore huko Sikonge. Siku moja bwana nyama Mwingereza alimletea bunduki ya babu yake aitengeneze. Nayo ilikuwa ya kushindiliwa mdomoni kama gobore, lakini gobore ni mbuzi na ile ilikuwa nyati. Mti wake wa mjozi uliishia katikati ya mtutu, mtambo umenakshiwa majani. Cyprian alikuwa mtoto, akaruhusiwa kuishika kwa kitambaa tu. Basi toka hapo ni kuisema. Miaka yote ya kiwandani hapa Toronto, kwenye mashine za kuchonga vyuma, aliisema. Alipostaafu Firoz akamwambia, "Mzee, umeniimbia wimbo huu toka Tabora. Mimi leseni ninayo, kabati la chuma ninalo. Njoo uitengeneze kwangu nipumzike."

Mwanzo ilikwenda vizuri. Kisha akaanza kusahau. Maharage aliyatia chumvi, akageuka, akayatia tena. Alitoka kununua mkate akazunguka na basi mtaa wetu wa Malvern mzima mpaka dereva akamuuliza anashuka wapi. Daktari akasema itazidi. Binti yetu Anastasia, anayetunza wazee wa watu kila siku, akaanza kutaja nyumba moja ya wazee yenye bustani. Alidhani baba yake hasikii.

"Mama Anastasia," Cyprian akaniambia siku moja, "nataka niisikie inasema. Mara moja tu, nikiwa bado najua kwamba ni mimi niliyeitengeneza. Baada ya hapo nipelekeni mnakotaka."

Basi tukajitahidi. Mtutu tuliutia kutu kwa makusudi bafuni kwetu, maana Waingereza wanapenda chuma chao kiwe na rangi ya kahawia. Tulifungulia maji ya moto, mvuke ukajaa, chuma kikaota kutu, tukaisugua, tukarudia. Kitako nilikipaka mafuta ya kitani mimi, kwa kiganja, mpaka mti ukapata joto kama mtu.

Sasa kwao Cyprian kuna mwiko. Bunduki mpya ikikataa kusema siku ya kwanza, kosa si la fundi. Kosa ni la mkewe, kuna mwanamume kaingia nyumbani. Tulipokuwa vijana niliucheka mwiko huo. Mama mkwe hakucheka.

Siku tuliyokwenda kuijaribu Firoz aliukumbuka njiani, akatuchokoza.

"Shemeji, kama kuna mtu umtaje sasa hivi, tugeuze gari."

"Atoke wapi? Lifti yetu mbovu, ghorofa ya tisa. Akifika juu anaomba maji, analala."

Cyprian alicheka mpaka akafuta macho. "Huyu simwogopi," akasema. Nilifurahi kumsikia.

Tulikwenda kwenye shamba la rafiki wa Firoz, kaskazini. Theluji ilikuwa imeyeyuka nusu, matope matupu. Firoz akaenda mbali kusimamisha ubao wa shabaha. Cyprian akaiweka bunduki juu ya meza, akamimina baruti kwa kipimo, akaweka kitambaa chenye mafuta, akaweka gololi ya risasi, akashindilia kwa ule ufito wa mdeki. Vizuri kabisa. Nikamtilia chai. Akanywa, akanisimulia habari za baba yake, akaweka kikombe chini. Akachukua kipimo, akamimina baruti tena.

Nilifungua mdomo. Kwao mwanamke hasemi na mtu anayeshindilia, lakini si hilo lililonizuia. Alikuwa anapiga mluzi, ule wa zamani wa kurudi kutoka kiwandani. Nikachelewa. Gololi ya pili ikawa imeingia. Mdeki una alama aliyoichonga mwenyewe, na bunduki ikiwa imeshiba sawasawa alama inalingana na mdomo wa mtutu. Sasa alama ilisimama juu, shibiri nzima. Hakuitazama.

"Naenda kujisaidia," akasema, akaelekea kwenye miti.

Nikabaki na ile bunduki. Nikimwambia Firoz, bunduki itafungiwa kabatini, na Anastasia atajua kabla hatujafika nyumbani. Nikinyamaza, itampasukia usoni. Kwenye mkoba nilikuwa na kichupa cha dawa yake ya macho. Nikakiweka kwenye kile kitundu cha nyuma kinachovikwa fataki, kinachopeleka moto kwenye baruti, nikaminya tone, nikaminya tena, taratibu, mpaka kitundu kikafurika. Nikafuta kwa khanga.

Akarudi. Firoz naye akarudi. Cyprian akavalisha fataki, akaegemeza kitako begani, akavuta pumzi.

Tak.

"Usiigeuze, mzee," Firoz akasema. "Iache ielekee kule kule, huenda inachelewa."

Tukangoja. Akavalisha fataki nyingine. Tak. Nyingine. Tak.

Cyprian akaishusha. Hakuitazama bunduki. Alinitazama mimi. Firoz alianza mzaha wake, akaukatiza katikati.

Kesho yake Firoz alikuja Malvern, tukasimama kwenye korido.

"Shemeji, nimetoa gololi mbili. Na baruti ilikuwa uji."

"Najua."

Akashusha sauti. "Nimwambie?"

"Ukimwambia, unamwambia yeye amepotea. Mwache aone nimepotea mimi."

Firoz aliingia ndani, akamwomba twende tena, akasema safari hii atamsaidia kushindilia. Cyprian akakataa. Bunduki iliyokataa haiombwi mara ya pili, akasema, mpaka mwanamke ataje jina. Firoz akanitazama mimi, nami nikatazama sakafu.

Anastasia ameshakwenda kuiona ile nyumba yenye bustani. Chumba kitapatikana kiangazi. Bunduki iko kabatini kwa Firoz, imepakwa mafuta, haijasema. Cyprian siku hizi hakumbuki Sikonge wala kiwanda. Juzi nilimwonyesha picha ya ile bunduki, akauliza fundi wake nani, akasema anajua kazi. Jina la Firoz limempotea. La Anastasia linakuja na kuondoka.

Lakini lile moja limebaki. Nikimwekea ugali anausogeza pembeni.

"Alikuwa nani?"

"Ameshaondoka, Baba Anastasia. Kula."

"Hatarudi?"

"Hatarudi."

Hapo anajivutia sahani, anageukia dirishani, anakula akiwa amenipa mgongo. Nangoja amalize, naosha vyombo. Jioni ananiuliza tena.