Gari Lililobaki Bandani

Kwenye kiwanda cha magari walimwita Mama Mstari, maana angeweza kushinda kutwa akikwangua udongo wa kufinyangia mfano wa gari mpaka mstari wa ubavuni umkae moyoni. Gari lile dogo alilichora yeye, akalifinyanga yeye: mkunjo mwembamba uliotoka taa ya mbele, ukapita chini ya vioo, ukazama nyuma kama mtu anayeshusha pumzi. Likaundwa moja tu, la majaribio.

Mkuu wa idara alilizunguka mara moja. "Limekaa kike kike. Mradi nimeufuta." Akaamuru michoro ichomwe, kisha akampa msumeno mbele ya wenzake. "Likate mwenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Watu wakacheka. Yeye akaupokea msumeno, na usiku akakata gari bovu la mizigo badala yake, vipande akavipeleka kwenye vyuma chakavu. La kwake akalificha bandani kwa kaka yake, seremala. Mkuu akamhamishia kwenye kuchora vitasa vya milango, na huko akazeekea, kinyongo hakimtoki.

Miaka ikapita, kampuni ikapata wenye mali wapya. Jioni moja mkuu akabisha hodi nyumbani kwake.

"Dada yangu," alisema, neno ambalo hakuwahi kumwita. "Wenye mali wapya wameona picha za lile gari. Wanalitaka. Nimewaambia lipo."

"Si uliagiza likatwe?"

"Nakujua. Usingeweza."

"Na aliyelichora, umewaambia nani?"

Mkuu akatazama viatu vyake. "Mambo ya majina tutayaweka sawa baadaye."

Mama Mstari akamjazia chai. "Walete kesho mchana, bandani kwa kaka."

Asubuhi alimkuta kaka yake akipiga randa. Akavuta turubai. Gari lilikuwa zima, vumbi tu.

"Nikuletee maji ulioshe?"

"Niletee msumeno wa chuma."

Kaka mtu akaduwaa. "Hili ni lako, dada. Unamkomoa nani?"

"Likitoka hapa, ni lake."

Akaanzia kwenye taa ya mbele, akaufuata mkunjo ule ule. Machozi yalimtoka, mkono haukutetereka. Kaka yake akaweka randa chini, akaja kumshikia bati.

Mkuu alipofika na wageni wawili, alikuta lundo la vipande.

"Uliniagiza, mkuu," Mama Mstari alisema. "Uniwie radhi, nimechelewa."

Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akaokota kipande cha ubavu, akapitisha kidole kwenye mkunjo. "Tuchoree hapa mstari huu ulivyoendelea," akamwambia mkuu. "Si ulituambia ulilichora wewe?"

Mkuu akapokea chaki. Akainama juu ya ubao wa seremala, akapiga mstari, akaufuta kwa kiganja, akapiga mwingine. Mama mwenye miwani akarudisha kipande chini polepole, yeye na mwenzake wakaondoka bila kumngoja.

Mwezi haukuisha, mkuu akaachishwa kazi. Mama Mstari alipoambiwa alicheka mpaka akashika mbavu, akaomba chai nyingine. Usiku ule alilala fofofo, usingizi ambao alikuwa ameusahau.

"Na vyuma hivi?" kaka yake akamuuliza kesho yake bandani.

"Uza."