Puli ya Wakia Hamsini

Baba yangu, Orville Hostetler, ana miaka themanini na tatu, na kwa hesabu zake hajawahi kukosea hata siku moja. Mwezi huu wa Juni amenipandisha presha kwa sababu ya kipande kimoja cha chuma cha gari lake, na kinachonikera zaidi ni kwamba mwenye kosa ni mimi.

Gari lenyewe ni Torino ya 1972, ya kijani, aliyoinunua ikiwa mpya. Kwetu hapa Ohio gari la zamani hutajwa kwa mwaka wake kama mtu anavyotajwa kwa ukoo wake, na mwenye gari hujivunia jambo moja kuliko yote: kwamba injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Baba amejivunia hilo maisha yake yote. Kila tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru, huliendesha kwenye maandamano ya mji, polepole, madirisha wazi, na akisimamishwa tu huanza kuhubiri habari za injini yake.

Basi injini si ileile. Najua kwa sababu niliibadilisha mimi.

Ilikuwa 1987, nina miaka kumi na saba. Wazazi walikwenda Kansas kumzika shangazi, nami nikalichukua gari bila ruhusa, nikashindana na mwenzangu kwenye barabara ya mashambani mpaka injini ikapasuka ubavuni. Mimi na binamu yangu tukanunua injini ya pikapu ya 1985 iliyopinduka, tukaifunga kwa siku nne bila kulala vizuri, tukaipaka rangi ya buluu kama ile ya kwanza. Siku ya tano akaja Merle Stuckey, rafiki mkubwa wa Baba, ambaye alikuwa ameachiwa maagizo ya kubadilisha plagi na kurekebisha mwako wa injini. Alifungua boneti, akafanya kazi yake, akaondoka bila kuniambia neno. Nikashukuru kwamba rangi ilikuwa imekauka.

Baba aliporudi alisikiliza gari dakika moja, akasema Merle ameliharibu. Merle hakujitetea. Tangu siku hiyo hawasalimiani, na mji wetu una duka moja tu la vipuri, la Merle. Kwa hiyo miaka thelathini na moja sasa, Baba akitaka hata mkanda wa feni, tunaendesha maili arobaini kwenda mji wa pili. Mimi ndiye dereva. Kila safari nilijiambia leo nitasema, na kila safari nilirudi nimenyamaza.

Sasa mwaka huu puli ya krenki ikachakaa. Ni gurudumu zito linalofungwa mbele ya injini, lenye utepe wa mpira ndani yake wa kumeza mtikisiko. Mpira ukizeeka, chuma cha nje kinateleza na gurudumu linayumba. Kubadilisha si kazi, kazi ni kuchagua. Za injini za zamani zina uzito wa ziada upande mmoja, wa wakia ishirini na nane, wa kusawazisha injini. Za miaka ya themanini zina wakia hamsini. Ukifunga isiyo yake, injini inatetemeka mpaka inajiua. Na huchagui kwa mwaka wa gari, unachagua kwa injini iliyomo ndani.

Muuzaji wa maili arobaini alimuuliza Baba hilohilo, injini ni ya mwaka gani, na Baba akamwangalia kama aliyetukanwa. Sabini na mbili, akasema, gari sabini na mbili, injini sabini na mbili. Tukapewa ya ishirini na nane. Nikaifunga. Gari likatetemeka hadi kioo cha ndani kikadondoka. Baba akasema puli ni mbovu. Tukarudi maili arobaini, tukapewa nyingine ya namba ileile, nikaifunga, likatetemeka vilevile. Nikapendekeza tujaribu ya themanini na tano. Akaniambia kama nimesahau kusoma niseme.

Jumamosi, zikiwa zimebaki siku nne kufika maandamano, tulikuwa gereji kwake, mikono imejaa grisi, naye ameshika simu aagize ya tatu.

"Baba, tafadhali, usiagize ya sabini na mbili tena."

"Niagize ya nini, ya trekta?"

"Ya themanini na tano. Jaribu mara moja tu."

"Nipe sababu."

Hapo ndipo nilipokuwa nikikwama siku zote. Nikababaika, nikasema nimesoma mahali. Akacheka kwa dharau.

"Sababu ninayo mimi," akasema. "Ni yule mshenzi wa dukani. Aliiua injini yangu, na mpaka leo anauza vipuri mjini hana hata haya."

Alishasema hivyo mara elfu. Sijui kwa nini siku hiyo sikuweza kumeza. Nilikuwa nimechoka: nimechoka na barabara, nimechoka na ubishi wake, na zaidi ya yote nimejichoka mimi.

"Injini yako niliiua mimi, Baba. Hiyo uliyo nayo ni ya pikapu."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, mpaka vikawa safi kuliko nilivyowahi kuviona. Nilingoja matusi. Badala yake akauliza swali moja.

"Merle alikuja kabla hujaibadilisha, au baada?"

"Baada."

"Nipeleke."

Duka la Merle liko dakika tatu kutoka nyumbani. Baba aliingia mbele yangu, akasimama kaunta kofia mkononi. Merle naye amezeeka, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Hawakusalimiana.

"Nataka puli ya krenki," Baba akasema. "Ya injini ya themanini na tano."

Merle hakuuliza ya gari gani. Alikwenda nyuma, akarudi na boksi, akaliweka kaunta.

"Wakia hamsini. Hiyo ndiyo yake."

"Ulijua," Baba akasema.

"Namba iko ubavuni mwa injini, Orville. Mtu akiipaka rangi haifutiki."

"Miaka yote hii nimekutukana mji mzima. Kwa nini hukuniambia?"

Merle akavaa miwani, akanitazama mimi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nilitaka mtoto aje akwambie mwenyewe," akasema. "Nilidhani itamchukua wiki."

Baba hakunigeukia. Alivuta kiti cha wateja, akaketi mkabala na Merle, akaniambia nikangoje garini. Nina miaka arobaini na minane na binti yangu anasoma chuo. Nilitoka, nikakaa kwenye gari langu saa nzima, na sikuthubutu hata kuwasha redio.