Bafu Alilolifunga Mkwe

Mama alivunjika nyonga akitoka chooni, nyuma ya zizi. Daktari alituambia wazi: akianguka tena, hatasimama. Kuhamia mjini hakutaka. Ana nyumba yake ya vyumba viwili hapa hapa uani kwetu Mwamkulu. Basi kaka yangu Sylvanus akaagiza bafu kutoka Dar: kuta, sakafu isiyoteleza, choo cha kukaa, vyuma vya kushikilia. Vyote vimekatwa kiwandani, kazi ni kuunganisha tu ndani ya chumba.

Fundi Amosi aliahidi Jumatatu. Hakuja, na simu kazima. Mume wangu Manyanda ni seremala. Akasema, "Mpeleke mama kwa jirani. Nalifunga mwenyewe."

Jioni bafu lilikuwa limesimama kwenye kona ya chumba, jeupe, halitikisiki. Nilifurahi. Nilishachoka kumkokota juani.

Mama alilitazama kutoka mlangoni. "Amosi kamaliza?"

"Amosi mhuni. Kafunga Manyanda."

Mama ni Msukuma wa zamani. Miaka yote hajawahi kumpa Manyanda mkono; wakikutana njiani, mmoja anapisha.

"Kaingia chumbani kwangu?"

"Angelifungia nje?"

"Esteria. Hicho chuma nikishike niko uchi, na mkwe wangu ndiye aliyekipima?"

"Mama, ni chuma tu!"

"Haya, kakishike wewe."

Tuligombana. Nilimwambia aibu haijamvunja mtu nyonga. Manyanda alisikia yote, akaacha ugali mezani. "Nilidhani nasaidia," alisema.

Kuanzia hapo mama hakuligusa bafu, na choo cha nyuma ya zizi akawa haombi kupelekwa, ila asubuhi mara moja. Vikombe vya maji na uji nilivikuta vitupu, nikajua anakunywa. Mpaka nilipopita nyuma ya nyumba, kiangazi kikali, nikaona udongo chini ya dirisha lake umelowa na inzi wamejaa kwenye uji.

Nilipoingia alikuwa anaongea na marehemu baba.

Hospitali walisema figo. Alipopata fahamu kidogo nilimwambia, "Amosi nimempata. Atalifungua lote, alifunge upya."

"Afungue yote," alisema. "Hata skrubu."

"Hata skrubu, mama."

Amosi alikuwa bado hajafika alipokata roho.

Tulimrudisha nyumbani. Wanawake walipokuja kumwogesha, mama mdogo Monika alifungua mlango wa bafu. "Tumwingize humu, jamani. Maji yapo, sakafu nzuri."

"Hapana. Leteni beseni na mkeka."

"We mtoto! Bafu jipya lote hili, tumwogeshee chini?"

"Chini. Nyie shikeni miguu."

Alinung'unika, lakini akafunga mlango. Nje, Manyanda alikuwa amehamisha benchi la wanaume mbali na dirisha. Alikaa ameipa nyumba mgongo, na kila aliyempa pole alimjibu bila kugeuka.