Binti wa Rika Lake

Mzee Tajeu aliletwa kwetu nyumba ya wazee kiangazi kile kibaya cha 2005, ng'ombe wakifa kando ya barabara ya Namanga na Kitengela yote ikinuka mizoga. Wanawe walikuwa wanahama na mifugo iliyobaki, wafuate nyasi upande wa Tanzania, na mtu aliyekufa miguu hawezi kuhama. Walimshusha kwa pikapu, wakamlaza kwenye kitanda cha dirishani, wakalia mbele ya watu bila kujificha, wakaenda.

Mimi nilikuwa nafagia chumba kile cha wanaume. Nikaweka ufagio chini, nikamwendea, nikainamisha kichwa. Hivyo ndivyo mtoto wa Kimaasai anavyomsalimia mzee. Humpi mkono, unampa kichwa. Akaweka kiganja chake juu ya utosi wangu.

"Wewe ni wa nani, nakerai?" Nakerai ndiyo kusema mtoto. Kiswahili hakukijua hata kidogo, tuliongea Kimaasai.

Nikamtajia baba yangu. Mzee hamjui.

"Ni wa rika gani?"

"Ilnyangusi."

Mkono wake ukakaa pale kichwani. "Basi ni rika langu. Wewe ni binti yangu."

Hayo hayakuwa maneno ya kunifurahisha tu. Kwetu Wamaasai, wanaume waliotahiriwa rika moja ni ndugu, na binti wa mmoja ni binti wa wote. Toka siku hiyo nilimwita papa, yaani baba. Nilimpelekea chai yenye maziwa mengi, nikamwambia mawingu yamekaa wapi, naye alinichagulia majina ya ng'ombe ambao sikuwa nao.

Wakati huo mambo yalikuwa sawa kwa sababu Wachira alikuwako. Wachira ndiye mwanaume pekee aliyefanya kazi pale nyumba ya wazee. Aliwaosha wazee wa kiume, akawageuza, akawanyoa ndevu, mdomo haufungwi. "Mzee, leo nakutoa kama bwana harusi. Bibi mpya asipokuja usinilaumu!" Tajeu hakuelewa neno, lakini alicheka.

Kisha Wachira akapata kazi shamba la maua, akatuaga. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Githongo, alisema mtu mwingine anatafutwa.

"Na huku akitafutwa, wazee wataoshwa na nani?" Sista Virginia akamuuliza. Yeye ndiye nesi wetu, na hakuwa wetu peke yetu. Akimaliza kwetu alienda nyumba nyingine huko Tuala.

"Si kuna Ciku na Soila? Mikono ni mikono, Sista."

Asubuhi hiyo mimi na Ciku tukaingia na beseni. Tajeu akaona beseni, akaniona mimi nyuma yake. Akashika shuka lake kwa mikono miwili.

"Toka nje, nakerai."

"Anasemaje?" Ciku akauliza.

"Anasema nitoke."

"Kwani umemkosea?"

"Sijamkosea. Mimi ni mtoto wake."

"Wewe! Juzi si ulisema baba yako yuko Ewuaso?"

Nikamweleza. Kwamba baba haonwi uchi na binti yake, heri afe. Kwamba hilo si jambo la kubembelezwa wala la kuzoea. Ciku alikuwa ameanza kucheka, akaacha.

"Sasa nitamgeuza na nani? Huyu mtu ni mrefu kama nguzo ya stima."

Alijaribu na mama wa jikoni. Mama akateguka mgongo, akawa hainui hata sufuria. Baada ya hapo Ciku alimpangusa peke yake pale mkono wake ulipofika: uso, kifua, miguu kwa mbele. Akiwa hapo, upande wa akina mama mtu anaita, au Mama Hodo ameteleza chooni, na Ciku anakimbia na kitambaa mkononi. Kumgeuza ilikuwa kazi ya watu wawili, na kwa Tajeu hatukuwa wawili.

"Mgonjwa wa kulala hivi anafaa kugeuzwa kila saa mbili," Virginia alisema. Alipopata nafasi alimgeuza na Ciku, akapaka dawa mahali palipokuwa pekundu. Kisha huko Tuala nesi mwenzake akaacha kazi, tukawa tunamwona Virginia mara mojamoja, anagawa dawa akiwa na mkoba begani.

Siku moja mzee akaniambia, "Nakerai, niletee leleshwa."

Nilifurahi. Nilidhani amekumbuka nyumbani, kwa sababu majani hayo ndiyo wanaume wetu wanaweka kwapani wapate kunukia. Nikaenda nyuma ya ploti za watu, nikakata matawi mengi. Akaniambia niyaache tu kitandani, atayapanga mwenyewe. Aliyasukuma chini ya shuka, polepole, mimi nikiwa nimegeuka.

Siku ya pili akaitisha mengine. Siku ya tatu nikayaleta, na nilipoinama anishike kichwa, nikasikia ile harufu nyingine chini ya leleshwa. Nimechunga mbuzi. Nilijua ni ya kidonda kinachooza.

Nilimwambia Ciku, Ciku akamwambia mwenyekiti, mwenyekiti akasema kuna mgeni wa serikali anakuja kutoka Kajiado, tusafishe kwanza, mengine baadaye.

Mgeni alikuwa daktari mwanamke, mtu mzima, asiye na haraka. Siku hiyo vitanda vilikuwa na shuka mpya. Alimshika kila mzee mkono, akamuuliza anakula nini, analalaje. Alipofika dirishani Tajeu hakumwelewa.

"Nani anajua lugha yake?"

Githongo akanisukuma mbele. "Huyu. Soila, tafsiri."

"Muulize kama wanamtunza vizuri."

Nikauliza. "Mwambie watu wa hapa ni wazuri," mzee akasema. "Mwambie chai iko na maziwa." Nikamwambia daktari.

"Muulize kama kuna mahali panamuuma."

Nikauliza. Aliniangalia sana. Midomo yake ilikuwa mikavu, na mkono mmoja ulikuwa chini ya shuka, umeshikilia majani.

"Hakuna," alisema.

Nikageuka kwa daktari. Githongo alikuwa anangoja, ametabasamu.

"Amesema hakuna," nikasema. "Lakini daktari, mimi ni binti yake. Hawezi kunitajia mgongo wake. Ngoja nitoke, halafu umfunue."

Tajeu hakujua Kiswahili, lakini alijua macho ya watu. Wote walikuwa wameangalia shuka. Akageuza uso dirishani.

"Umenivua nguo, nakerai."

Nilitoka, nikasimama ukutani. Nilisikia kitanda kikilia, kisha Ciku akamwita Mungu kwa Kikuyu, "Uui, Ngai wakwa."

Githongo akanikuta hapo nje. "Nani alikuambia uongeze maneno? Kazi yako ilikuwa kutafsiri tu."

Nilikuwa nimeongeza, kweli.

Walimpeleka hospitali huko Kajiado. Jumapili nikaenda kumwona. Walikuwa wamemlaza kwa ubavu, na sura yake ilikuwa imekuwa ndogo. Nikainamisha kichwa kando ya kitanda, nikangoja. Sikujua kama bado mimi ni binti wa mtu. Nilingoja hadi shingo ikaanza kuuma.

Mkono ukaja. Ulikuwa wa moto kama jiwe la jikoni.

"Wamepata mwanaume?" akauliza.

"Bado, papa."

"Na yule mzee wa kitanda cha mlangoni? Nani anamgeuza?"

"Ciku na mimi."

"Yeye si baba yako."

"Hapana, papa. Yeye ni Mkamba."

"Ana bahati," alisema, na nadhani alitaka kucheka.

Alikufa kabla ya mvua. Wanawe walifika baada ya mvua, wamekonda, na ng'ombe wanaohesabika kwa jicho moja. Nikawapa rungu lake na shuka. Leleshwa sikuwaambia.

Kitanda cha dirishani hakikukaa kitupu. Kamati ililetewa mzee mwingine wa Kimaasai, mtu wa Kimuka, ameanguka akavunjika nyonga. Mwanaume wa kazi alikuwa bado anatafutwa. Nikaingia na Ciku, yeye na beseni, mimi na taulo.

Mzee aliponiona alijua kwa sura kwamba mimi ni wa kwao. Akainua kiganja kimoja, kingine kimeshika shuka, akangoja kichwa changu.

Nikampa mkono, kama Ciku anavyowapa.

Kiganja kikabaki juu, hakijui kishuke wapi. "Huyu ni msichana wa nani?" akasema. Kisha akaniuliza mimi: "Baba yako ni wa rika gani?"

"Sijui," nikamwambia.

Aliniangalia toka miguuni hadi kichwani, na hasira ikamtoka usoni, ikaja huruma. Msichana asiyejua rika la baba yake ni kama hana baba.

"Maskini," alisema. "Hukulelewa na mtu."

Akaachilia shuka. Nikashika mabega, Ciku akashika miguu, tukamgeuza.