Mkeo Kawa Mzito

Katika miezi mitatu Rukaiya aliongezeka kilo tano na nusu. Chakula hakubadilisha, wala mwendo wake wa kila siku kwenda skuli alikosomesha hesabu. Kilichobadilika ni kimoja: alianza vidonge vya presha.

Wanu, muuguzi wa kliniki anayotibiwa Rukaiya, alikuwa jirani yao hapo Michenzani. Siku ya Alhamisi alikutana ngazini na Makungu, mume wa Rukaiya.

"Shemeji, mkeo kawa mzito. Mwambie asikose Jumatatu, daktari anataka kumuona."

Makungu alikuwa fundi wa viyoyozi, na ndoa yao ilikuwa na miaka kumi na moja bila ya mtoto. Katika maneno yote hayo alisikia moja tu: mzito.

Jioni ile alipandisha ndoo mbili za maji hadi ghorofa ya tano kabla ya kuombwa. Ijumaa alileta embe mbichi.

"Za nini hizi?" Rukaiya aliuliza.

"Nimeziona tu sokoni Darajani."

Jumamosi baada ya alasiri, Rukaiya alitafuta vidonge vyake juu ya friji, asivione.

"Makungu, dawa zangu ziko wapi?"

"Nimeziweka." Alitoa mfukoni karatasi iliyokuwemo ndani ya boksi. "Soma hapa. Wajawazito wasitumie bila ya ushauri wa daktari. Na wewe unazitafuna kama njugu."

Rukaiya alisoma, kisha akamtazama.

"Nani kakwambia mimi mjamzito?"

"Wanu. Kasema umekuwa mzito. Nikasema nikae kimya, utanambia mwenyewe."

Kwa miaka kumi na sita kazi ya Rukaiya ilikuwa kusahihisha makosa ya watu. Hili lilihitaji sentensi moja, lakini alianza na swali.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu. Mama tu."

"Kumwambia mama yako ni kuiambia Uroa nzima."

Makungu alicheka. Rukaiya alimshika mkono, akamketisha.

"Wanu alikusudia mizani. Nimeongezeka kilo tano na nusu. Daktari anadhani ni dawa, Jumatatu ataangalia kama ataibadilisha."

"Labda hawajapima hilo jengine."

"Wamepima Jumatano, ndiyo kitu cha mwanzo walichopima. Hamna."

Makungu alikunja ile karatasi, akaikunjua.

"Na hukunambia."

"Ningekwambia nini? Dakika tano nimekaa pale nikisubiri majibu. Mpaka yanatoka, mimi nshachagua jina."

Hakumuuliza jina gani. Aliinuka, akatoa vidonge nyuma ya kopo la mchele, akarudi navyo na gilasi ya maji. Alisimama pale pale mpaka Rukaiya alipomeza.

Kisha akampigia simu mama yake. Rukaiya alitaka kuondoka, akamzuia kwa ishara ya mkono.

"Shikamoo, mama. Lile nililokwambia, nilisikia vibaya. Hamna kitu. Ni dawa za presha zinamnenepesha." Akasikiliza. "Naam. Hapana, mzima. Yupo hapa." Akasikiliza tena, safari hii zaidi, kisha akaiweka simu chini.

"Anasemaje?" Rukaiya aliuliza.

"Anasema dada yake mwenyewe aliziacha dawa za presha kwa kuogopa kunenepa, akapooza upande mmoja. Anasema yeye mjukuu atamngoja. Wewe usiache dawa."

Rukaiya aliegemea bega lake. Makungu akajisogeza karibu, apate kuegemea vizuri.