Bata Mwenye Meno

Walinzi wangu wamevaa kanzu nyeupe, hawana rungu wala bunduki, na mwizi akiwaona anaacha viatu. Ni nani hao?

Kitendawili hicho nilikitunga mwenyewe, nikakirekodi kwenye wasapu na kumtumia mjukuu wangu Latifa kule Muheza. Ilikuwa mwaka 2014, mimi napika na kulea watoto kwenye nyumba moja huku ng'ambo, Al Rayyan, jirani na Doha. Latifa alikuwa na miaka sita, na tangu nilipoondoka hakutaka kuongea nami. Mama yake akimpa simu, anakimbilia uani. Siku ya safari watu wazima walimwambia bibi kaenda gulioni, na gulio lile, mwaka mzima, halijaisha.

Zamani kila jioni tulikuwa tunategana vitendawili, mimi na yeye. Nikasema, huyu nitamrudisha kwa njia ile ile.

Akashindwa. Nikamtumia jibu: bata bukini. Mama yake akaniandikia, "Anasema hakuna bata mlinzi. Bibi muongo, kama siku ile ya gulio."

Basi hapo nikaumia. Lakini ningemlaumuje? Muheza bata tunao, ila wale wetu wanakimbia hata paka. Bukini hajawahi kuwaona. Mimi nilikuwa nawaona kila Ijumaa kwenye shamba la tajiri wangu, huko Umm Salal, tukienda familia nzima na masufuria. Nikasema nitampelekea picha.

Ijumaa ya kwanza niliwapiga kwa mbali, nikiwa nyuma ya uzio. Jibu likarudi upesi: "Anasema huo ni mchele."

Kassim, dereva wetu, mtu wa Unguja, alicheka mpaka akamwaga chai yake ya karak, ile ya maziwa na iliki. "Bi Mwajuma, kaupike basi mchele wako!"

"Cheka tu. Ijumaa ijayo nawapiga karibu, uso kwa uso."

"Uso kwa uso? Watakung'oa pua hao, ukose pa kuwekea miwani."

Ijumaa ya pili nikamaliza kupika, nikachukua majani ya saladi yaliyobaki, nikaingia bandani. Upepo ukalipepea baibui langu. Dume lao likainamisha shingo mpaka chini, likatoa sauti kama tairi linalovuja, likanijia. Nilikimbia, jamani! Kiatu kimoja kikabaki.

"Mama, usikimbie!" Aliyeniita ni Herbert, Mganda anayelinda shamba. "Ukikimbia anajua umeiba."

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Kaa chini. Hiyo nguo ikalie, isiruke ruke. Na usimtazame sana machoni. Huyu ni askari kama mimi, anataka heshima."

Nikakaa mchangani, miguu nimeinyoosha kama nasubiri nazi ya kukuna, baibui nimelibana chini ya mapaja. Majani nikayaweka mbele, simu nikaishika usawa wa goti. Nikatazama pembeni, kama mtu asiye na shida na bata. Wakaja kidogo kidogo, wanasemezana kama wanawake kwenye shughuli. Lile dume likala jani, likavuta kiatu changu, likakitema. Kisha likaleta uso kwenye simu, likafumbua mdomo.

Nikaona meno! Vijino kama vya msumeno, kwenye mdomo na hata pembeni mwa ulimi. Nikabonyeza, picha nikaituma Muheza.

"Vidole vyote vipo?" Kassim akapiga kelele kutoka kwenye gari.

"Njoo uhesabu mwenyewe!"

Jioni nilikuwa jikoni nachemsha mayai ya watoto, simu ikalia. Nikapokea, nasikia pumzi tu. Kisha: "Bibi, ana meno mpaka kwenye ulimi!"

Nikaishika meza. "Umeona ee?"

"Amekung'ata?"

"Alitaka kula kiatu changu."

Akacheka. Akanyamaza, nikaogopa amekimbilia uani. Mara nikasikia: "Kitendawili!"

"Tega!"

"Chumba changu cheupe, hakina mlango wala dirisha."

Na yai lenyewe ninalo mkononi! Jibu lilinifika mdomoni, nikalimeza.

"Hicho kimenishinda, mjukuu wangu. Nakupa mji. Chukua Doha."

"Sitaki Doha."

"Nikupe upi?"

"Nipe Muheza."

"Haya, Muheza ni yako."

Kwetu aliyepewa mji lazima aseme aliyoyakuta huko. Latifa akakohoa kidogo, kama mkubwa. "Nilikwenda Muheza, nikamkuta bibi barazani, ana kiatu kimoja, ametoka gulioni. Nikamwambia, karibu bibi. Akakaa."

Maji ya mayai yakafurika, yakazima jiko.

"Jibu ni yai," akasema. "Ulikuwa unajua."

"Sikujua."

"Muongo wewe, bibi," akasema, lakini safari hii alikuwa anacheka.